Bega la Baba Mkwe

Nilipoolewa upande wa Ilongero, enzi za Mwingereza, miaka michache baada ya vita kuu ya pili kwisha, niliikuta nyumba yenye wanaume wawili na pinde nyingi kuliko vyungu. Mama mkwe alikuwa amefariki kabla sijafika. Kwa hiyo nilikabidhiwa jiko, ghala, ng'ombe wa maziwa, na hao wanaume wawili, baba na mwanawe, ambao kila jioni jua likipungua ukali waliacha chochote walichokuwa wakifanya wakaenda kulenga mishale.

Kiwanja chao kilikuwa nyuma ya tembe, kati ya zizi na majabali. Huku mwisho walisimamisha tita la mabua ya uwele, unene wa kifua cha mtu, na kule mwisho tita jingine. Baba mkwe alisimama upande mmoja, mume wangu upande wa pili. Mmoja akimaliza mishale yake, mwenzake aliichomoa kwenye tita lililo karibu naye, akairudisha kwa kuipiga. Basi mishale ilikwenda na kurudi mpaka ng'ombe waingie zizini. Ilikuwa mishale ya mazoezi, haina vyembe vya chuma, imechongwa ncha ya mti tu, lakini hakuna kuku wala mkamwana aliyethubutu kukatiza pale.

Mimi mwenyewe yule mwanaume nilimpendea upinde, sioni sababu ya kuficha. Baada ya mavuno vijiji vilikutana kushindana, watu wakaja kutoka mpaka Iguguno. Walikuwa wanabiringisha duara la gamba la mti kwenye mteremko, na wanaume wanalipiga likiwa mbioni. Upepo wa kwetu mnaujua, unaweza kumnyang'anya mtu khanga mchana kweupe, na siku ile ulikuwa umeamka vibaya. Wengi walikosa wakausingizia upepo. Huyu alilipata duara katikati likaanguka. Kisha, kabla hajamtazama mtu mwingine yeyote, akageuka kumtafuta baba yake kwenye umati. Niliona hilo nikawaambia wenzangu, mwanaume anayempenda baba yake hivi atampenda na mkewe. Sikukosea, ila sikujua kwamba mapenzi ya namna hiyo yana taabu zake.

Mwaka wa kwanza wa ndoa alikuwa anatoka kwenda kiwanjani kama anakimbilia pombe ya bure. Alikuwa anarudi amejaa vumbi na maneno: leo baba amenishinda, leo mimi nimemshinda, leo tumefungana. Nilichoka kusikiliza, lakini nilikuwa nafurahi kumwona amefurahi.

Sikuiona siku hasa hamu ilipomwisha. Mtoto wetu wa kwanza alipoanza kukaa ndipo nilipoanza kugundua. Saa ya kulenga ikikaribia, mume wangu alikuwa anakumbuka ghafla kwamba ua wa miiba umebomoka. Kesho yake ndama anachechemea, lazima atazamwe mguu. Ndama nilimwona mimi, alikuwa anaruka. Baba yake akimwita alikuwa anauchukua upinde na kuutupa begani kama jembe, akaenda taratibu. Na akifika alikuwa bado anapata! Hilo ndilo lililonishangaza. Mikono ilikuwa inaijua kazi, moyo ndio haukuwepo.

Jioni moja akiwa anakula, alimega tonge la ugali kisha akalishika tu mkononi.

"Mama mtoto, hivi wewe hujachoka kusaga?"

"Nimechoka tangu siku niliyofika. Kwani kuna anayeniuliza?"

"Basi mimi nimechoka na upinde."

Nilicheka nikidhani ananitania. Yeye hakucheka.

"Zamani nikiuvuta nilikuwa nasikia raha hapa," akajigusa kifuani. "Siku hizi nasikia mikono tu. Nalenga, napata, huku nawaza ugali."

"Mwambie baba."

"Nimwambie nini?"

"Hivyo hivyo ulivyoniambia mimi. Hayo ya ugali unaweza kuyaacha."

Alitikisa kichwa. Nilijua kwa nini. Baba mkwe alikuwa amezika mke na watoto kadhaa. Mabinti waliobaki waliolewa mbali. Mwana wa kiume alikuwa huyu mmoja, na kati yao hawa wawili hapakuwa na maneno mengine. Ndani ya nyumba waliweza kushinda kutwa bila mmoja kumwambia mwenzake zaidi ya "fisi alikuja jana" au "mvua itachelewa". Lakini kiwanjani! Kule walikuwa wanapigiana kelele, wanachekana, wanatukanana matusi ya mapenzi. Mzee aliyekuwa hana neno mchana alikuwa mzungumzaji jioni. Mume wangu aliona kwamba akiuweka upinde chini atakuwa amemfunga baba yake mdomo.

Na mzee mwenyewe aliamini kabisa kazi ya upinde haijaisha. Vijana waliorudi kutoka vitani walikuwa wanamwambia siku hizi ni bunduki, na bwana nyama wa serikali alikuwa amekwisha kupiga marufuku kuwinda bila kibali. Mzee alikuwa anawasikiliza, halafu anasema, "Mwingereza anaweza kuondoka kesho. Fisi haendi popote." Walimcheka. Haya, Mwingereza ameondoka, na fisi juzi tu kabeba mbuzi wa jirani yangu.

Mtu atauliza, kwa nini mimi nisiende nikamweleza mzee? Hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Katika ukoo wa mume wangu, mkamwana hasemi na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hamwiti, hampi chakula mkononi. Unakiweka chini, unasogea, ndipo naye anasogea kukichukua. Naye hakusemeshi. Hali hiyo inakwenda mpaka siku atakayoamua mwenyewe kukufungulia kwa zawadi, na wako wazee waliokufa bila kufungua. Lenye haraka linapitia kwa mama mkwe, na wangu alikuwa kaburini. Kama hayupo, unamwambia mtoto, hata awe mchanga, na mzee anasikia. Ni adabu nzuri, sikatai. Ila jaribu kumweleza mtu jambo zito kupitia masikio ya mtoto anayenyonya, ndipo utakapojua.

Nilijaribu. Siku hiyo nilikuwa napepeta uwele uani, mtoto nimemkalisha mbele yangu, na mzee amekaa mlangoni kwake akibandika manyoya ya kanga kwenye mishale kwa ulimbo. Nilimgeuzia mgongo kama ipasavyo, nikaanza.

"Mwanangu," nikamwambia mtoto, "baba yako siku hizi hana furaha. Akitoka na ule upinde wake anakwenda amenuna, akirudi amenuna. Sijui tumfanyeje."

Nilijiona hodari sana. Nimesema na sijasema. Nyuma yangu nikasikia mkono wa mzee umesimama. Akakohoa.

"Mjukuu wangu," akasema, "nimesikia."

Nilipumua. Nikapepeta uwele kwa raha mpaka nikaumwaga nusu.

Asubuhi yake mzee akachukua shoka akaingia porini. Alirudi jua likiwa utosini, na begani kabeba mti wa mkole, mbichi, umenyooka, hauna kifundo hata kimoja. Ndipo nilipojua nimeharibu. Maana nilikuwa nimesahau kwamba naongea na fundi wa pinde. Kwa fundi wa pinde, mwanaume asiye na furaha ana upinde mbovu. Sababu nyingine duniani haikuwepo.

Nisiseme uongo, ilikuwa raha kumtazama akifanya kazi ile. Aliumenya ule mti gamba lote, akauchonga kwa kisu kidogo kidogo, zaidi upande wa tumbo kuliko upande wa mgongo. Kila baada ya muda alikuwa anausimamisha mbele yake, akifumba jicho moja. Upande uliokuwa karibu na mizizi aliutia alama, kwa sababu alisema upinde ukishikwa kichwa chini utamkataa mwenyewe. Kisha aliupaka mafuta ya kondoo, akaupitisha juu ya moto mdogo na kuukunja taratibu kwenye panda ya mti, akiusemesha kwa Kinyaturu maneno ambayo mama yangu alitumia kubembeleza ng'ombe anayezaa kwa mara ya kwanza. Alikuwa anaimba puani. Alikuwa anakula anamaliza. Hata mgongo niliona umenyooka.

Halafu akaja kuuweka mlangoni kwa jiko langu. "Mjukuu wangu," akasema kwa sauti ya kunifikia, "mwambie mama yako mti huu unataka moshi. Auweke juu ya mafiga, na kila akipika augeuze."

Kwa hiyo mimi, mimi niliyetaka upinde upungue nyumbani, ndiye niliyeukausha. Kiangazi kile chote nilipika nikigeuza, nikageuza nikipika. Mume wangu aliuona darini akadhani kuna mtu ameagiza. Nami sikumwambia, maana ningeanzia wapi? Mara nyingine nilikuwa nautazama ule mti nikiwaza kuusukuma uangukie motoni, nikasingizia paka. Nikasikia tena mzee anaimba huko nje, nikaugeuza.

Uzi aliusokota mwenyewe pajani kwa kano za mgongo wa ng'ombe. Siku alipouvika upinde uzi, akamwita mwanawe uani.

"Nimesikia ule wa zamani umekuchosha," akamwambia. "Hata miti inazeeka. Shika."

Mume wangu aliupokea kwa mikono miwili, amepiga goti. Akauvuta, akauachia polepole, na uzi ukalia sauti moja nene, safi. Nimeona pinde nyingi katika nyumba ile, sijaona uliokuwa mzuri kama ule. "Ahsante, baba," akasema. Mzee alikuwa anamtazama usoni kama mtu aliyempa mgonjwa dawa na anangoja aone. Mume wangu akatabasamu. Najua tabasamu zake zote, na ile haikuwa yake.

Jioni zilizofuata akalenga kuliko wakati wowote, hakukosa mshale. Mzee akawa anarudi anachekacheka peke yake. Siku moja chakula kikiwa hakijaiva mume wangu akaja kukaa kwenye kigoda jikoni, jambo ambalo si la kawaida yake.

"Nakwenda mkonge," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Mawakala wa mashamba ya mkonge walikuwa wanakuja Singida mjini kuandikisha watu. Wanaume walikuwa wanapanda lori mpaka stesheni ya Itigi, halafu treni, halafu lori tena mpaka huko Tanga. Wengine walirudi na baiskeli na mablanketi. Wengine walirudi wanakohoa. Wengine wake zao walingoja mpaka wakaacha kungoja. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni, na wa pili nilikuwa nimeanza kumhisi tumboni.

"Tuna njaa?" nikamwuliza.

"Hatuna."

"Una kesi?"

"Sina."

"Basi unakimbia upinde."

Akainamisha kichwa. "Nikiwa mbali, baba atasema mwanangu yuko kazini. Nikiwa hapa hapa halafu nikakataa upinde aliouchonga kwa mikono yake, atasema nini? Nitakuwa nimemwambia sikutaki."

Nilikasirika sana. Nilimwambia kwamba mimi sikuolewa na posta, niletewe mume kwa barua. Nilimwambia mengi, na hata leo sirudishi hata moja. Lakini nilipokuwa nikimfokea nilimwonea huruma pia, maana alikuwa haniachi kwa kutonipenda. Alikuwa mtu aliyebanwa kati ya watu wawili anaowapenda, na njia aliyoiona ni lori.

Siku ya kwenda mjini kujiandikisha alimwambia baba yake anakwenda kutazama bei za mbuzi. Alipotoweka nyuma ya majabali nilijua sina muda. Lori lilikuwa la kesho kutwa.

Mzee alikuwa amekaa mahali pake mlangoni, ana makaa kwenye kigae, ananyoosha mti wa mshale: anaupasha moto, anauuma kwa meno kuukunja, anaupasha tena. Mimi nilipiga magoti kwenye jiwe la kusagia, nimempa mgongo. Mtoto nimembeba.

"Mwanangu," nikaanza, "leo nina neno, nataka usikie vizuri."

Mtoto akajibu kwa kukoroma. Niligeuza shingo nikamwona amelala fofofo, mdomo wazi, udenda unanitiririkia begani. Kumwamsha ningemwamsha analia, na hakuna mzee anayesikia neno katikati ya kilio. Nikatazama huku na huku. Karibu na jiwe kulikuwa na kuku mmoja anadonoa unga uliodondoka.

"Wewe kuku," nikasema.

Kuku akainua kichwa. Mzee nyuma yangu akaacha kuuma mti.

"Wewe kuku, nakwambia wewe. Kuna mtu hapa nyumbani anakwenda mkonge. Hakwenda mjini kwa ajili ya mbuzi, amekwenda kuandika jina. Wala hana shida. Amechoka na upinde, na anaona aibu kumwambia aliyemfundisha. Upinde wa zamani haukuwa mbovu. Na huu mpya ni mzuri kuliko wote, ila..."

Kuku akageuka, akazunguka kona ya tembe, akaenda zake.

Kuku hana adabu. Aliniacha na sentensi nusu mdomoni, na uani pamebaki mimi na baba mkwe. Kwa mila nilitakiwa ninyamaze. Nilitazama unga wangu. Nikamfikiria mume wangu yuko foleni mjini, huenda jina limekwisha kuandikwa. Machozi yalikuwa yananitoka kwa hasira na kwa woga, na nikaendelea bila kuinua uso.

"Baba," nikasema, "mume wangu anakupenda. Upinde ndio haupendi tena. Akienda huko sijui kama atarudi, na wewe utabaki na upinde, na mimi nitabaki nazungumza na kuku."

Nilisikia harufu ya mti unaoungua. Alikuwa ameusahau mshale kwenye makaa, yeye ambaye sikuwahi kumwona ameunguza hata unyoya.

"Mkamwana," akasema mwishoni. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu niingie nyumba ile. "Tangu lini?"

"Tangu mtoto alipoanza kukaa."

"Na mimi nikamchongea mwingine."

Nikakusanya unga uliodondoka.

"Juzi nilimwona anapata kila mshale," akasema. "Nikajua amepona."

Akauzima ule mti kwenye mchanga, akautazama ulivyoungua. Sauti yake ilipokuja tena ilikuwa ya chini sana. "Kuku umwache. Kuanzia leo ukiwa na neno, niambie mwenyewe." Akasimama, akaenda zizini ambako hapakuwa na ng'ombe hata mmoja saa ile, akakaa huko muda mrefu. Niliogopa. Nilidhani nimemvunja moyo mtu mzima, na kwamba nimempoteza baba bila kumpata mume.

Mume wangu alirudi mchana, jina limeandikwa. Jioni baba yake akamwita kiwanjani kama siku zote. Nilisimama mlangoni kwa jiko, mwiko mkononi, chungu kinaungua nyuma yangu. Nilitegemea kusikia ugomvi. Badala yake nikamwona mzee anaweka mshale, anavuta. Mshale ukatoka mlegevu, ukaanguka hata nusu ya kiwanja haujafika. Mzee akaudondosha upinde, akajishika bega la kulia, akakaa chini.

Mume wangu alikimbia kiwanja kizima. Mimi nikakimbia na mwiko wangu nikaishia kwenye ua wa miiba. Nilisema moyoni, nimemuua.

"Baba! Vipi?"

"Bega," mzee akasema kwa taabu. "Siku nyingi linanisumbua. Sikutaka kukwambia."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Wewe bado kijana, una hamu. Nimekuchongea upinde mpya juzi tu. Ningekwambiaje, bila aibu, kwamba mimi sitaki tena?" Akapumua. "Mwanangu, niruhusu nipumzike. Nikikuacha uwanjani hutanichukia?"

Mume wangu akapiga magoti kwenye vumbi. "Nikuchukie wewe, baba?"

"Endelea na vijana wenzako. Usiache kwa ajili yangu."

"Bila wewe sina hamu," mume wangu akasema, na hakudanganya, wala hakulazimika kusema zaidi. Akamwinua baba yake kwa kumshika kiunoni. Walinipita pale kwenye ua. Mume wangu alikuwa analia waziwazi. Mzee alikuwa ananitazama, mara ya kwanza ana kwa ana, na sikuona usoni kwake kitu cha kunieleza chochote.

Nilimpa mume wangu ugali ulioungua, akaula bila kuuona. "Sitakwenda mkonge," akaniambia. "Siwezi kumwacha mzee mwenye bega bovu. Anachoka, mama mtoto. Kumbe alikuwa anachoka na mimi sikuona." Alikuwa na huzuni ya kweli. Nikamwambia pole.

Lori liliondoka bila yeye. Mzee alinifungulia rasmi kwa kondoo jike, ili watu wasiseme mkamwana amelelewa vibaya. Mume wangu akawa anamkanda baba yake lile bega kila asubuhi kwa samli ya vuguvugu niliyomwandalia, na mzee akawa anatulia amefumba macho. Jioni, saa ile ile, walikwenda kukaa kwenye majabali ya kiwanjani mikono mitupu. Siku za mwanzo hawakusema kitu. Halafu nikaanza kusikia sauti. Mzee alikuwa anamsimulia mwanawe habari za marehemu mama yake, alivyokuwa anacheka, alivyomkataa mara mbili kabla ya kumkubali. Mume wangu hakuwahi kuyasikia hayo. Mbuzi wakayala yale matita ya mabua, na hakuna aliyewafukuza.

Kwenye pombe watu walimtania mzee. Mkono uliokuwa ukiogopwa mpaka Iguguno, leo unashindwa kuinua kata! Alicheka nao. Mimi nilikuwa nimeamini lile bega nusu, nusu sikuamini, na sikutaka kuichunguza hiyo nusu nyingine. Nilikuwa na mume wangu nyumbani.

Mvua za kwanza zilipokaribia nilikwenda kuokota kuni mbali, kupita majabali, huko ambako watu hawaendi sana. Mume wangu alikuwa gulioni na mbuzi. Nilipokuwa nafunga mzigo nikasikia uzi umelia, sauti moja nene.

Nilisogea nyuma ya kichaka. Baba mkwe alikuwa amesimama peke yake, mgongo umenyooka, mbele yake kwa mbali kichuguu alichokivika nyasi. Aliweka mshale, akavuta mpaka sikioni bila kutetemeka, akaachia. Ukapiga pale pale. Akaweka mwingine, ukapiga kando ya wenzake. Alikuwa anasema maneno kidogo baada ya kila mshale, matusi yale yale ya mapenzi, kisha ananyamaza kidogo, kama mtu anayengoja ajibiwe. Podo lilipoisha akaenda mwenyewe hatua kwa hatua mpaka kwenye kichuguu, akaichomoa mishale mmoja mmoja, akarudi nayo mpaka alipokuwa, akaanza tena. Hamu haikuwa imemwisha hata kidogo.

Nilitaka niondoke kimya, lakini ukuni ukaniponyoka. Akageuka. Upinde ukaingia nyasini haraka, na mkono wake ukaenda kushika bega. Lilikuwa bega la kushoto.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Bega linaendeleaje?"

Alitazama kule nyasini, kisha akanitazama mimi. Akauhamisha mkono taratibu mpaka bega la kulia.

"Linauma," akasema. "Mwambie mumeo linauma sana."

Nikajitwika kuni zangu, nikaenda kumwambia.